Asubuhi Tuliyomwita Bibi Joua Kwenye Skrini

Fue alisimama mlangoni na begi lake la waya begani, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyake, na hakuniangalia mimi. Aliiangalia TV.

"Ndiyo hiyo iliyogoma?"

"Ndiyo hiyo."

"Inasemaje?"

"Hakuna mawimbi. Nimechomoa, nimechomeka, nimeizima, nimeiwasha. Kompyuta iko hai, TV iko hai, ila hazijuani."

"Umegusa rimoti?"

"Fue, mimi si mteja wako. Usiniulize maswali ya kwenye simu."

Hapo ndipo alipogeuka. Wiki tano nzima sikuwa nimeyaona macho yale. Alikuwa amekonda, nywele zimemfika kwenye kola, na alikuwa amevaa koti la kijivu la marehemu baba yake, ambalo mikono yake iliishia kabla ya viganja vyake kuanza. Nilitaka kuinuka nimpige kofi la bega kama zamani. Nilibaki kwenye kiti, nimeshika kalamu isiyo na kazi.

"Hujambo, Gaonou," alisema taratibu.

"Sijambo. Ingia, unatuingizia baridi."

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Saa tano wazee wa kwetu, akina Moua, na wazee wa kwao, akina Thao, wangekaa katika chumba hiki cha ofisi ya ukoo wetu, juu ya duka la mchele, wamsikilize bibi mmoja wa miaka themanini na tisa aliyeko Fresno, California. Yule bibi ndiye angesema kama mimi na Fue tutaoana au hatutaoana. Hakuwa na chuki nasi, hata hakutujua. Angesema tu baba yake Fue alizaliwa katika nyumba gani.

Maana kwetu Moua haolewi na Moua. Hata kama mmoja alizaliwa milimani Laos na mwingine hapa Saint Paul, hata kama hakuna anayeweza kuonyesha damu iliyowaunganisha, jina la ukoo likiwa moja basi nyumba ni moja, na mambo yameisha.

Mimi na Fue tuliijua sheria hiyo tangu utotoni, kwa hiyo tulipopendana tulikuwa tumeshaulizana. Thao? Thao. Moua? Moua. Tukacheka kwa raha. Ilikuwa mwezi wa sita, siku aliyokuja kuitundika TV hii. Wazee walikuwa wamechoka kubanana mbele ya kompyuta ndogo kila wakitaka kuongea na ndugu wa mbali, wakanunua skrini kubwa kuliko meza yetu ya chakula. Fue akapanda ngazi na drili, akanipa pima maji niishikilie juu ya ukingo, akaniambia nimwambie kiputo kikitulia katikati. Kikatulia. Sikumwambia. Nilitaka bega lake liendelee kuwa pale lilipokuwa. Aliposhuka akasema, "Kilitulia zamani, sivyo?" Nikaona aibu mpaka masikioni.

Mwezi wa tisa washenga wake walikuja kwetu mara mbili. Mwezi wa kumi baba yake akafariki ghafla, moyo. Siku ya tatu ya msiba, mama mmoja aliyekuja kwa ndege kutoka Fresno aliitazama picha ya marehemu, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia:

"Mbona huyu mnamzika kama Thao? Bibi Joua wa kwetu anasema huyu ndiye yule mtoto wa akina Moua aliyebebwa kuvuka mto wakati wa kukimbia vita."

Zumari la mianzi likanyamaza katikati ya wimbo. Tangu siku ile washenga hawakurudi, na Baba Mkubwa Nhia Chue, ambaye ndiye kichwa cha ukoo wetu na ndiye baba yangu tangu wa kunizaa afariki, alitukataza kuonana mpaka jambo lijulikane.

Walijaribu kumpigia Bibi Joua simu. Mzee Wa Meng Thao, mkubwa wa upande wa kina Fue, akasema sauti ya simu inaweza kuwa ya mtu yeyote, jambo la ukoo huulizwa uso kwa uso. Lakini bibi hawezi kupanda ndege, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Ndipo ikaamuliwa uso wake uje kwetu ukutani, mkubwa, kila mtu auone mdomo wake ukisema. Na TV ilipogoma, Baba Mkubwa mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Mpigie Fue. Aliyeitundika ndiye anayeijua. Aiunganishe, kisha akae na wenzake."

Fue alipita nyuma ya meza, akapiga magoti, akamulika ubavu wa TV kwa tochi ya simu. Hazikupita sekunde tatu. Akasimama, akaichukua rimoti, akaitazama, akairudisha mezani. Kisha akafungua begi, akatoa waya mwingine. Akauchomeka. Akauchomoa. Akatoa wa tatu.

Namjua Fue akifanya kazi. Huwa anaimba puani, wimbo usio na maneno, hata hajijui. Sasa alikuwa kimya kabisa.

"Umeshajua tatizo," nilisema.

"Naangalia bado."

"Fue."

Aliuviringisha waya mkononi, duara juu ya duara.

"Waya uko kwenye tundu la tatu," alisema hatimaye. "TV inasikiliza tundu la pili. Kuna mtu alibonyeza rimoti bila kujua."

"Itakuwa ni mimi. Kwa hiyo ni kubonyeza tu?"

"Mara moja."

"Na wewe hubonyezi."

"Sibonyezi."

Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, chini kabisa ya ile skrini nyeusi yenye maneno yake meupe. Nikaacha kiti changu, nikaja kuketi mbele yake, magoti yangu karibu yaguse yake. Karibu.

"Nikiwaambia wazee kioo kimekufa, wataniamini," alisema. "Hakuna hata mmoja wao anayejua tundu la pili wala la tatu. Nitasema kipuri kinaagizwa, wiki tatu. Wiki tatu zikifika ni sherehe za Mwaka Mpya, hakuna wa kukaa kikao. Baada ya hapo baridi kali, barabara zimeganda, nani atatoka."

"Halafu?"

"Halafu Bibi Joua ana miaka themanini na tisa."

"Unangoja bibi wa watu afe."

"Simngojei. Naupisha muda tu."

"Na washenga?"

Nilijisikia nikiuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo, ya mtu anayeuliza kwa sababu anataka jibu.

"Bila shahidi, jina la kwenye karatasi ndilo jina. Mzee Wa Meng amesema hivyo mwenyewe. Mimi Thao, wewe Moua. Tunaendelea tulipoishia." Aliinua macho. "Ni kunyamaza tu, Gaonou. Hatumpigi mtu, hatumwibii mtu."

Ningepaswa kukasirika. Sikukasirika. Niliiona ile nyumba ndogo ya kupanga karibu na Ziwa Phalen tuliyoipitia mwezi wa nane, na dirisha lake la jikoni ambalo nilikuwa nimeshaliwekea pazia kichwani mwangu, la njano. Nilimwona Fue akiingia kwa mlango wa nyuma anaimba puani. Mababu wananijua, niliitaka nyumba ile kuliko nilivyotaka ukweli.

Mlango ukapigwa teke.

"Fungueni, mikono yangu ina sufuria."

Ni Mama. Nikaruka kumfungulia. Aliingia na mvuke wa kuku wa kuchemsha na majani yake, kikapu cha wali wa kunata kikining'inia kwenye kiwiko, akamwona Fue chini.

"We Fue, umeitwa kutengeneza au kulala?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hizo nywele ni za nini, unafuga ndege? Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini, hewa? Tazama shingo hiyo." Aliiweka sufuria juu ya kabati la mafaili, akajifuta mikono kwenye sketi. Mama alimpenda Fue, na kumpenda kwake kulitoka kama matusi. Kisha akalegeza sauti. "Mama yako analala?"

"Halali. Anamwota baba."

"Anamwotaje?"

Fue alisita. "Kila usiku ndoto ileile. Baba amesimama nje ya nyumba, amevaa vile viatu vya katani tulivyomvisha alipozikwa. Anabisha hodi. Walio ndani wanamuuliza, wewe wa nani. Anataja jina lake. Wanamwambia hatukujui."

Mama alimsogelea. Alimwekea mkono kichwani, juu ya zile nywele alizokuwa akizitukana, akauacha pale kidogo, kisha akachukua sufuria yake akaenda jikoni, upande wa pili wa ukumbi. Nilisikia bomba likifunguliwa na kuachwa likimwaga maji muda mrefu, bila chombo kuoshwa.

"Hukuniambia," nilimwambia Fue.

"Ningekuambia vipi? Tumekatazwa hata kusalimiana."

"Na wewe unamwota?"

"Mimi silali kabisa. Sina pa kumwotea."

Mtu wetu akifa, roho yake huimbiwa njia. Anatolewa Saint Paul, anarudishwa kambi ya wakimbizi, anavushwa mto, anapandishwa milima, kijiji kwa kijiji, mpaka lilipozikwa kondo lake la nyuma, na kutoka pale anapelekwa kwa babu zake. Baba yake Fue aliimbiwa njia ya akina Thao. Nilikuwepo, nilisikia kila kijiji. Kama yeye si wao, basi tulimpeleka kwa upole na kwa heshima zote mpaka kwenye mlango wa watu wengine, tukamwacha hapo.

"Tukinyamaza," nilisema, "atabaki palepale."

"Najua."

"Tutakuwa tunakula, yeye yuko nje. Tutazaa, yeye yuko nje."

"Najua, Gaonou. Unadhani sijui?" Sauti yake ilipasuka kidogo. "Unadhani kwa nini sijamdanganya mtu bado? Nimekaa tu hapa chini. Nikibonyeza nakukosa wewe. Nisipobonyeza namwacha baba nje. Niambie wewe nifanye nini, maana mimi nimechoka."

Alikuwa hajawahi kuniambia amechoka. Hata siku nne za msiba hakusema.

"Labda atasema si Moua," nilisema.

"Labda."

"Nasema kweli. Bibi wa miaka themanini na tisa. Watoto wangapi walibebwa kuvuka ule mto? Anaweza kuwa anamchanganya na mwingine."

"Anaweza."

"Kwa hiyo bado tuna nusu."

Alicheka, cheko fupi lisilofika machoni. "Wewe ukionyeshwa punje moja unaona shamba zima la mpunga."

"Na wewe ulinipendea hilo."

"Nilikupendea hilo," alisema. "Na masikio yanayoona aibu."

Basi nikainuka. Sikuwa jasiri, nisije nikajisifu. Nilikuwa na matumaini tu. Niliichukua rimoti mezani, nikatafuta kitufe, nikakibonyeza mara moja. Maneno meupe yakapotea. Skrini ikawa nyeusi, ikawa ya buluu, kisha ukuta mzima ukajaa picha ya mbele ya kompyuta yetu, ukoo wote umesimama na nguo za sherehe, mimi mstari wa pili nimefumba macho.

Fue hakugeuka kuitazama. Aliona mwanga wake usoni mwangu.

"Imekubali," alisema.

"Imekubali."

Akaninyooshea mkono nimwinue. Nilimwinua, na alipokuwa ameshasimama hatukuachiana. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kama amevitoa kwenye ndoo. Tulisimama hivyo, yeye akinitazama uso kipande kwa kipande, nyusi, pua, kidevu, kama anayehama nyumba na kuhakikisha hajaacha kitu, mpaka tuliposikia viatu vya wazee kwenye ngazi.

Akina Moua walikaa upande wa dirishani, akina Thao upande wa mlangoni. Mimi ni mwandishi wa ofisi, nikakaa mwisho wa meza na daftari la vikao. Fue akakaa kwenye kompyuta, katikati, si kwao wala kwetu.

"Imekubali?" Baba Mkubwa aliuliza akivua kofia.

"Imekubali, mzee."

"Nilijua. Nilisema ni wewe tu."

Fue akapiga simu ya video. Ikapokelewa. Tukaona dari, feni, kalenda, kisha sikio moja kubwa kuliko kichwa cha Baba Mkubwa.

"Ameiweka sikioni," alisema Mzee Wa Meng. "Mwambieni si simu."

Upande wa dirishani wakacheka, na wa mlangoni wakacheka. Mkono wa msichana, mjukuu wake, ukaingia ukaigeuza, na Bibi Joua akatokea. Uso wake ulijaa skrini yote, makunyanzi kama kitambaa kilichokunjwa kikakunjuliwa, kilemba cheusi, macho madogo makali. Alitutazama mmoja mmoja kwa ile kamera ya juu ya TV. Alipofika kwa Fue macho yake yakasimama. Akanyoosha kidole. Midomo yake ikaanza kwenda, haraka.

Hatukusikia kitu.

"Anasema nini?" Baba Mkubwa aliuliza. "Mbona bubu?"

"Ni sauti, mzee," Fue alijibu. "Picha imeenda ukutani, sauti imebaki kwenye kompyuta. Na spika za kompyuta hii zilikufa mwezi wa saba."

"Basi ipeleke na yenyewe."

"Ndiyo, mzee."

Mkono wake ulikuwa kwenye kipanya. Kule mwisho wa meza nilikiona kimshale, kwenye skrini, kikiwa kimeshafika panapotakiwa, juu kidogo ya kilemba cha bibi. Hakikusogea. Wazee walidhani anatafuta. Mimi peke yangu nilijua hatafuti. Aliinua macho akaniangalia, na juu ya kichwa chake yule bibi alikuwa anaongea maisha yetu bila sauti, kidole bado kimemnyooshea.

Nilitaka kumwambia acha. Nilitaka kumwambia bonyeza. Nikainama nikaandika tarehe kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwa sababu ile picha niliibonyeza mimi na hii sauti ilikuwa ya baba yake. Sikuwa na haki ya kumsaidia.

"...na paji la uso la babu yake, lilelile," ilisema sauti ya Bibi Joua, na chumba chote kikajaa sauti hiyo.

Baba Mkubwa alisimama kwa heshima. "Shikamoo, bibi. Mimi ni Nhia Chue, wa Moua."

"Marahaba. Mbona umenenepa hivyo? Moua wa siku zetu walikuwa wembamba."

"Ni Marekani, bibi."

"Naona."

"Bibi, tunakuuliza juu ya mtoto aliyebebwa na akina Thao kuvuka mto. Alikuwa wa nyumba gani?"

"Nimeshasema, nyie hamsikii. Wa Cher Pao Moua."

Mzee Wa Meng aliinua mkono. "Bibi, samahani, mimi ni Thao. Miaka ni mingi na watoto walikuwa wengi. Unajuaje ni yeye?"

Lilikuwa swali langu. Nilimbariki yule mzee moyoni kwa kuniulizia.

"Sikio la kushoto," alisema Bibi Joua. "Mbele yake, hapa juu, alikuwa na kijitundu kama cha sindano. Alizaliwa nacho, na baba yake vilevile. Huyo kijana ageuke nione."

Fue hakugeuka. Hakuwa na haja, na mimi sikuwa na haja. Ule upande wa kushoto, chini ya zile nywele alizoziacha zirefuke, kijitundu kile nilikuwa nakifahamu kwa ncha ya kidole changu.

Baba Mkubwa alikohoa. "Bibi. Wakichinja ng'ombe wa mababu, nyumba ya Cher Pao walikuwa wakiweka bakuli ngapi?"

Hapo hata viti viliacha kulia. Hilo ni swali ambalo mtu hawezi kulibahatisha. Kila nyumba ina idadi yake, na haisemwi nje.

"Thelathini na tatu," alisema Bibi Joua. "Nilikuwa naziosha mimi jirani yao, maana mama yake alikuwa mzito wa huyo mtoto."

Baba Mkubwa alikaa chini polepole. Ni thelathini na tatu. Kwetu ni thelathini na tatu tangu milele. Nikaiandika.

"Wa Meng," alisema bila kumtazama, "mlipomchukua, mlimtambulisha kwa mababu zenu?"

Nilishika kalamu kwa nguvu. Kama walimtambulisha, kama walichinja hata kuku mmoja wakawaambia mababu zao huyu sasa ni wetu, palikuwa bado na kimlango.

Mzee Wa Meng alivitazama viganja vyake. "Baba yangu alimwandika kwenye karatasi za kambi ili asiachwe peke yake. Tukafika huku, karatasi inasema Thao, shule inasema Thao, kila mtu akaona imetosha. Mimi nilidhani kaka yangu alishawaambia mababu. Kaka yangu alidhani ni baba. Hakuna aliyewaambia." Kisha akanigeukia. "Tulimpenda sana. Hilo nalo andika, binti."

Nikaandika, tulimpenda sana. Herufi zilitoka zimesimama vizuri tu.

"Yuko wapi huyo mtoto?" aliuliza Bibi Joua kutoka ukutani. Kwao walikuwa wamemficha msiba kwa sababu ya ugonjwa wake.

"Alifariki mwezi wa kumi, bibi."

Macho yale madogo yakafumba. "Mkampeleka kwa nani?"

Fue ndiye aliyemjibu. Aliteleza kutoka kwenye kiti akapiga magoti mbele ya Baba Mkubwa, paji lake sakafuni, mara mbili, kama anavyotakiwa mtoto wa marehemu.

"Mzee, mtoeni baba yangu nje."

Na Baba Mkubwa, ambaye sijawahi kumwona akilia hata siku tuliyomzika baba yangu, alimwinua akamkumbatia, akamlilia begani, juu ya lile koti la kijivu.

"Kesho," alisema. "Kesho asubuhi tunamwita mwimba njia. Tutamfuata mpaka mlangoni pao, tutawashukuru waliomlea, na tutamleta kwake. Umesikia? Hatalala nje tena. Mtoto wetu wewe."

Fue alilia kwa sauti, mdomo wazi, mwili mzima ukitikisika, na nilijua kilio kile kina vitu viwili ndani yake, na kwamba chumba kile kizima kilikuwa kinakisikia kimoja tu.

Baada ya hapo kila kitu kilienda haraka, kama mambo ya furaha yanavyokwenda. Wazee wa pande zote walishikana mikono. Mama alitoka jikoni na sinia la wali, kuku na mayai ya kuchemsha, na juu yake fungu la nyuzi nyeupe, kama tunavyofanya mtu akipatikana, ili roho yake ijue imefika. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuniangalia. Wakampanga Fue kwenye kiti, mikono mbele, na mmoja baada ya mwingine akina Moua wakamfunga uzi mkononi na kumtakia heri. Usipotee tena. Uwe na afya. Upate mke mwema.

"Gaonou," Baba Mkubwa aliita. Alikuwa anatabasamu, uso bado una machozi. Sidhani kama alikuwa katili. Nadhani furaha ilikuwa imemziba macho. "Na wewe njoo. Umfunge kaka yako."

Nilifunga daftari. Nikaenda. Nilichagua uzi, nikapiga magoti mbele yake, nikauzungusha kwenye mkono wa kulia, palipokuwa na nafasi kidogo kati ya nyuzi za wengine. Mshipa wake ulikuwa unapiga chini ya kidole changu.

"Usikaze," alisema chinichini.

"Nikilegeza utaanguka."

"Acha uanguke."

"Siwezi. Wanatuangalia."

Nikafunga fundo la kwanza. Ilibidi niseme maneno, kila mtu alikuwa amesema, na chumba kilikuwa kinangoja. Nikayatafuta yale ya kawaida yanayotosha kwa mtu yeyote.

"Karibu nyumbani," nilisema. "Roho yako itulie. Uishi miaka mingi." Nikapumua. "Kaka."

Alinitazama. Kisha akainamisha kichwa kama alivyowainamishia wengine wote.

"Ahsante, dada."

Machozi yangu yalianguka kwenye mkono wake, kwenye nyuzi, na sikuweza kuyafuta kwa sababu vidole vyangu viwili vilikuwa bado vimeshika ncha za fundo la pili.

Hakuna aliyekuwa amekumbuka kukata simu. Bibi Joua alikuwa bado juu ya ukuta, sauti yake imefunguliwa yote, akitutazama mimi na yeye.

"Huyo binti analia nini?" aliuliza.

Nilimsikia Mama nyuma yangu akivuta pumzi.

"Furaha, bibi," alisema Mama. "Amempata ndugu yake."

"Eeh," alisema Bibi Joua. "Mwacheni alie. Ndugu si kitu cha kupatikana kila siku."

Nikalikaza fundo.